Kuuza nyumba ya familia: safisha, rekebisha, lakini usifiche

Musoma. Rangi ilipakwa juzi. Sebule inanukia udi, mapazia ni mapya na watoto wamepelekwa kwa bibi yao Makoko ili wasije wakachafua. Baba mwenye nyumba amesimama mlangoni na dalali, mama yuko jikoni na chupa ya chai. Mnunuzi, aliyekuja na mkewe, anazunguka vyumba vyote akiitikia kwa kichwa. Kisha mke wa mnunuzi anasogeza kidogo kabati la chumba cha watoto na kugusa ukuta wa nyuma yake. Kidole kinatoka na unyevu na vumbi jeusi.

Biashara inaishia hapo. Chai hainyweki.

Hicho ni kisa cha mfano, lakini yeyote aliyewahi kuuza au kununua nyumba Musoma mjini, Bunda au Butiama atakitambua. Kwa familia nyingi nyumba ndiyo mali kubwa kuliko zote, na mara nyingi haiuzwi kwa raha. Inauzwa kwa sababu baba amehamishwa kikazi, mzee anahitaji matibabu, ada ya chuo imefika, au ndugu wanagawana mirathi. Haraka inapoingia, familia hukimbilia kopo la rangi.

Kuiandaa nyumba ili ivutie wanunuzi si jambo baya. Nchini Marekani ni kazi kamili yenye wataalamu wake, na mwanzo wake huhusishwa na dalali wa nyumba Barb Schwarz, aliyeanza kuwapangia wateja wake nyumba kabla ya kuziuza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Huku Mara hakuna haja ya kukodi mtaalamu wala kununua sofa mpya. Kinachohitajika ni macho, ufagio, fundi mwaminifu na uamuzi mmoja: nyumba irekebishwe, kasoro zisifunikwe.

Uamuzi huo ni wa kifedha, lakini pia ni wa afya. Vitu vinavyomfukuza mnunuzi, kama ukuta wenye unyevu, dari lenye popo na choo kinachonuka, ndivyo vinavyowaumiza watoto wanaoishi humo leo.

Anza na pua, siyo rangi

Anayeishi ndani ya nyumba huzoea harufu yake. Mgeni huisikia mara tu anapovuka kizingiti. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kumwita mtu asiyeishi hapo, shangazi au jirani asiye na aibu, aingie kila chumba na kusema ananusa nini.

Harufu ya uvundo ni dalili ya unyevu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na ukungu ndani ya majengo mwaka 2009, likieleza kuwa wanaoishi katika nyumba za namna hiyo wako katika hatari zaidi ya kukohoa, kubanwa kifua, kupata maambukizi ya njia ya hewa na kuzidiwa na pumu. Watoto huathirika kwa urahisi kwa kuwa mapafu yao bado yanakua, na wengi hulala kwenye chumba ambacho kitanda kimebanwa ukutani.

Unyevu haujileti. Huenda bati limetoboka, bomba la bafuni linavuja ndani ya ukuta, au msingi ulijengwa bila kuzuia maji yasipande kutoka ardhini. Musoma, mji wa mawe makubwa na miteremko inayoelekea Ziwa Victoria, kuna nyumba ambazo maji ya mvua hushuka kutoka kwenye mwamba na kutulia nyuma ya ukuta. Hapo hata ndoo kumi za rangi hazitasaidia. Mtaro wa kuyapitisha maji pembeni utasaidia.

Utaratibu ni huu. Tafuta maji yanatoka wapi na uyazuie. Acha ukuta ukauke, ikibidi kwa wiki kadhaa, madirisha yakiwa wazi mchana. Ukungu uliobaki uoshwe kwa maji na sabuni, anayeosha akiwa amevaa glavu na kufunika pua na mdomo. Plasta iliyooza ibanduliwe na kupigwa upya. Rangi ndiyo ya mwisho.

Anayetumia dawa ya klorini, ile ambayo wengi huiita jiki, asiichanganye kamwe na dawa nyingine ya kusafishia choo. Mchanganyiko huo unaweza kutoa gesi yenye sumu inayounguza koo na mapafu, na bafu dogo lisilo na dirisha huifanya iwe hatari zaidi.

Familia inayotaka kuuza ifanye kazi hii kiangazi, kabla ya vuli au masika. Rangi iliyopakwa juu ya ukuta mbichi huanza kutoa malengelenge mvua zinapokuja, na mnunuzi makini hupenda kuja kuangalia nyumba siku ya mvua.

Dari, popo na mbu

Madoa ya kahawia kwenye dari humwambia mnunuzi mambo mawili: bati linavuja, au kuna popo. Kinyesi cha popo kikikauka hutoa vumbi linaloweza kubeba vimelea vya fangasi wanaoathiri mapafu. Asipande mtu darini na ufagio mkavu. Kinyesi kinyunyiziwe maji kwanza, kikusanywe kikiwa kibichi, na anayefanya kazi hiyo avae barakoa, glavu na nguo zitakazofuliwa siku hiyohiyo. Watoto wakae mbali.

Matundu huzibwa usiku, popo wakiwa wametoka kutafuta chakula. Lakini wakiwa na watoto wasioweza kuruka ni bora kusubiri, la sivyo watakufa humo ndani na harufu itarudi ikiwa mbaya zaidi. Popo asikamatwe kwa mikono mitupu.

Nafasi kati ya ukuta na paa ndiyo pia mlango wa mbu waenezao malaria, ugonjwa ambao familia za ukanda wa ziwa zinaujua vizuri. Utafiti uliofanyika Gambia na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa kuweka wavu kwenye milango, madirisha na dari hupunguza mbu wanaoingia ndani, na pia hupunguza upungufu wa damu kwa watoto. Wavu wa dirisha hauhitaji fedha nyingi. Mnunuzi akiuona ukiwa mzima anaelewa kuwa nyumba imetunzwa. Na nyumba isiponunuliwa kwa miezi sita, wanaofaidika ni watoto walio ndani.

Kwa nyumba za karibu na ziwa kuna kazi nyingine ndogo. Wadudu wa ziwani, wanaopanda juu ya maji kama moshi, hufia kwa wingi madirishani na ndani ya taa. Wafagiliwe asubuhi ya siku ya mgeni. Dirisha lililojaa wadudu waliokufa hufanya chumba kizima kionekane kimetelekezwa.

Choo na maji

Mnunuzi wa Mara ataangalia sebule, lakini swali lake litakuwa maji. Yanatoka? Mara ngapi kwa wiki? Tangi lina ukubwa gani? Muuzaji awe na jibu la kweli na risiti za bili za karibuni, iwe ni za MUWASA kwa Musoma au za mamlaka ya maji ya eneo lake. Tangi lioshwe, lifunikwe, na mfereji wa maji ya mvua usafishwe.

Kama kuna kisima, umbali wake na choo uangaliwe. Kipimo kinachotumika sana ni mita 30 au zaidi, kisima kikiwa upande wa juu. Kama umbali ni mdogo, mnunuzi aambiwe ili ajue kwamba maji hayo ni ya kuchemshwa au ya kufulia tu.

Shimo la majitaka lililojaa linyonywe kabla ya matangazo, siyo baada ya mnunuzi kulalamika. Shimo la zamani la choo lisilotumika lifukiwe kabisa. Mbao zilizooza na mabati yaliyotandazwa juu ya shimo si mfuniko. Wageni huja na watoto wao, na watoto hukimbilia uani wakati wakubwa wanajadili bei.

Rangi na watoto

Nyumba nyingi huandaliwa huku familia ikiishi humohumo, na hapo ndipo ajali hutokea. Rangi ya zamani iliyochakaa inaweza kuwa na madini ya risasi. Inapopigwa msasa ikiwa kavu, vumbi lake huangukia sakafuni ambako mtoto anayetambaa huokota kila kitu na kutia mdomoni. WHO inasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Ukuta ulowanishwe kabla ya kusuguliwa, sakafu ipigwe deki badala ya kufagiwa, na mama mjamzito na watoto wadogo walale kwingine mpaka kazi iishe na harufu ipungue.

Hatari nyingine imo ndani ya chupa ya soda. Fundi humimina tapentaini, tina au mafuta ya taa kwenye chupa ya kinywaji, mtoto mwenye kiu anaikuta. Kila kitu kibaki kwenye kopo lake, juu, mahali pa kufungwa. Ikitokea mtoto amekunywa, asilazimishwe kutapika wala kunyweshwa maziwa kwa nguvu, kwa sababu akitapika kimiminika hicho kinaweza kuingia kwenye mapafu. Apelekwe hospitali mara moja, pamoja na chupa yenyewe.

Vitu vinavyostahili kufichwa

Kuna vitu ambavyo familia ina haki na wajibu wa kuviondoa machoni. Siku ya kuonyesha nyumba wageni huingia mpaka chumbani. Wanaona dawa kwenye kichwa cha kitanda, kadi ya kliniki juu ya kabati, karatasi ya vipimo iliyobandikwa kwenye friji. Dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi, za kisukari, za kifafa au za uzazi wa mpango ni siri ya mwenye nazo. Zikusanywe kwenye mfuko mmoja unaofungwa na zibebwe na mhusika mwenyewe, kwa namna ambayo hatakosa dozi.

Vivyo hivyo kwa vyeti, vitambulisho na hati ya nyumba. Mnunuzi aonyeshwe nakala. Hati halisi itoke wakati wa makubaliano, mbele ya wakili.

Picha ni jambo jingine. Dalali wa leo hupiga picha kwa simu na kuzituma kwenye makundi ya WhatsApp kabla hajafika kituo cha daladala. Kama picha ya mtoto akiwa na sare ya shule imening'inia sebuleni, watu wasiojulikana watajua sura yake, shule yake na nyumba anayoishi. Picha za familia zishushwe kabla ya siku hiyo. Hilo pia humsaidia mnunuzi kuwaza picha zake zikiwa pale.

Bunda: mwanga, nafasi na vumbi

Mji wa Bunda uko kwenye barabara kuu inayotoka Mwanza kwenda Musoma na Sirari, na nyumba zilizo karibu nayo hupata vumbi na mngurumo wa malori. Muuzaji anaweza kupunguza vumbi kwa kupanda ua wa miti, kuosha madirisha na kupiga deki kila siku. Kelele hawezi kuzipunguza. Mnunuzi aruhusiwe kuja muda autakao, hata jioni ya siku ya kazi, badala ya kuitwa Jumapili asubuhi barabara ikiwa kimya. Anayenunua akijua hatakuja kudai baadaye.

Ndani ya nyumba, kosa la kawaida ni vitu kuwa vingi. Sebule ya Kitanzania hubeba seti nzima ya sofa, meza yenye vitambaa, kabati la vyombo, friji, na magunia ya mahindi kwenye kona baada ya mavuno. Chumba kikubwa kinaonekana kidogo. Nusu ya vitu hivyo vikihifadhiwa kwa ndugu kwa mwezi mmoja, chumba hupumua.

Mambo mengine hayana gharama kubwa: kukata matawi yanayoziba dirisha, kubadilisha balbu zilizoungua, kukaza bawaba za milango, kubadilisha kitasa kinachogoma, kuondoa gari bovu na matofali yaliyobaki uani. Soketi zilizolegea na nyaya zilizo wazi zirekebishwe na fundi umeme anayejua kazi yake, siyo kufunikwa kwa gundi ya karatasi.

Kwa wanaouza nyumba yenye shamba katika vijiji vya Bunda vinavyopakana na eneo la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kuna swali lisilokwepeka: tembo. Mnunuzi kutoka mbali huenda hajui kuwa wanyama huingia mashambani. Anastahili kuambiwa kabla hajatoa fedha.

Butiama: makaburi ya uani

Butiama inajulikana kama alikozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922 na alikozikwa Oktoba 1999, nyumbani kwao. Familia nyingi za wilaya hiyo nazo huzika nyumbani. Ndiyo maana kuuza nyumba huko si kuuza kuta na bati peke yake.

Wapo watakaoshawishika kupanda maua juu ya kaburi, au kulisawazisha, ili uwanja upendeze. Ni jeraha kwa ndugu na ni hila kwa mnunuzi. Njia iliyo bora ni kuitisha kikao cha ukoo mapema, wazee, akina mama na vijana wakiwepo, na kuamua: je, eneo la makaburi litengwe lisiuzwe? Ndugu watakuwa na njia ya kufika kwenye kumbukumbu? Kama ni kuhamisha, mamlaka zipi zihusishwe? Uamuzi uandikwe ndani ya mkataba wa mauziano.

Ardhi ya kijiji ina taratibu zake chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999. Mwenye hati miliki ya kimila hawezi kuihamisha kimyakimya. Halmashauri ya kijiji inahusika.

Wazee na watoto

Mtoto huona mengi. Akirudi kutoka shule na kukuta kitanda kimehamishwa na mgeni anapima dirisha lake kwa hatua, atajijibu mwenyewe kwa hofu. Aelezwe mapema, kwa maneno ya umri wake: tunahama, lini, kwenda wapi, shule itakuwa ipi. Apewe sanduku moja la vitu vyake ambalo hakuna atakayeligusa. Wageni wasipangwe usiku wa kuamkia mtihani.

Bibi au babu anayeishi hapo naye aulizwe. Mzee mwenye macho hafifu au kumbukumbu inayopotea hutembea usiku kwa mazoea. Samani zikihamishwa ghafla, au zulia jipya likitandikwa njiani kwake, anaweza kuanguka na kuvunjika nyonga. Njia yake kutoka kitandani hadi chooni ibaki kama ilivyokuwa mpaka siku ya kuhama.

Makaratasi nayo ni sehemu ya usafi

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwenzi mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina lililo kwenye hati ni moja. Mume anayepokea fedha za awali kabla mkewe hajakubali anajenga kesi, na mnunuzi makini ataomba kumwona mke, siyo kusikia habari zake. Kama mwenye nyumba amefariki, anayeuza awe msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, hata kama ni mtoto wa kwanza.

Madeni ya maji na kodi ya pango la ardhi yamalizwe. Kodi ya majengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU, iangaliwe kama haina limbikizo. Ofisi ya TRA iulizwe mapema kuhusu kodi ya mapato yatokanayo na mauzo, ili bei ipangwe ikijulikana. Kamisheni ya dalali iandikwe.

Kwa nyumba za ufukweni, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda sana na kuingia kwenye makazi ya ufukweni. Nyumba iliyofikiwa na maji mwaka ule isiuzwe kama ambayo haikufikiwa.

Tena, kuficha kwa makusudi kasoro unayoijua si ujanja unaosamehewa na sheria. Chini ya Sheria ya Mikataba, udanganyifu wa namna hiyo unaweza kumpa mnunuzi haki ya kuuvunja mkataba. Fedha zimeshatumika hospitali au chuoni, na sasa zinadaiwa.

Kusema ukweli kuna bei yake

Turudi kwa familia ya kisa chetu. Wangeweza kufanya mojawapo ya mambo mawili. La kwanza, kuzuia maji nyuma ya nyumba, kuacha ukuta ukauke na kuupiga plasta upya. La pili, kama fedha hazipo, kumwambia mnunuzi tangu mwanzo: ukuta huu unapitisha maji, fundi amekadiria kiasi hiki, tupunguze kwenye bei. Wanunuzi wengine wangeondoka. Aliyebaki angekuwa anazungumza bei, siyo anatafuta kilichofichwa kingine.

Lakini kuna hesabu nyingine ambayo haimo kwenye bei. Watoto waliopelekwa Makoko asubuhi ile wamelala kando ya ukuta huo kwa miaka. Kikohozi chao cha kila masika kilitibiwa kwa dawa ya maji, kikapona, kikarudi. Kabati halikuwahi kusogezwa mpaka alipokuja mtu mwenye fedha.

Hata familia isiyo na mpango wa kuuza chochote inaweza kulisogeza Jumamosi hii.